Imeingia Nchini, Haijaingia Kaunti

Mutai alianza kugawa vitu vyake Ijumaa baada ya ibada, na mimi nilikuwa wa kwanza kwenye foleni. Si kwamba napenda vya watu. Chumba chetu hapa Najma, mtaa wa Doha, kina desturi yake: mtu akishapewa tarehe ya kurudi nyumbani kabisa, anagawa. Hauzi, hatupi. Anakaa kitandani na kugawa, huku akituangalia tunavyochukua. Mimi huiita mirathi ya mtu anayepumua.

Alinipa sufuria yake ya ugali, ile nzito ambayo ukiiangusha mpangaji wa chini anagonga dari. Philip, Mganda tunayelala naye chumba kimoja, alipata blanketi la manyoya na kitanda chenyewe, cha chini, pale upepo wa eisii unapopita vizuri. Kitanda hicho kimeombewa kuliko wagonjwa wengi.

"Mzee, na hiyo redio?" nikamuuliza.

"Hiyo naenda nayo."

"Kwani nyumbani hakuna redio?"

"Redio zipo. Hii haipo."

Alikuwa amejawa na furaha ya kimyakimya, kama mtu aliyekunywa uji wa moto na hataki kusema ni mtamu. Mutai si mtu wa kucheka ovyo. Tunafanya ulinzi pamoja kwenye hoteli moja West Bay: mimi mlango wa mbele, nafungulia watu wenye manukato; yeye mlango wa nyuma, ule wa mizigo, anapokea nyanya, shuka na samaki wa barafu. Kila kinachoingia hotelini kinapitia kwake. Anakikagua, anakiandika, anapiga muhuri. Akishapiga muhuri, hakuna mtu huko ndani, awe mpishi au meneja, anayeuliza tena kilipitaje.

Sasa, hoteli ilipobadilisha ukumbi wake wa kiamsha kinywa, vyombo vya zamani waliwauzia wafanyakazi. Wengine walichukua sahani. Philip alichukua kioo kikubwa kisichoenea popote chumbani, mpaka leo kimeegemea mlango wa choo, ukitoka unajisalimia. Mutai alinunua mashine ya aiskrimu.

Nilimcheka wiki nzima. Kwao ni huko juu kwenye majani chai, ambako watu huamka na ukungu mdomoni.

"Mzee, kwenu watu wanavaa sweta mwezi wa kwanza. Nani atalamba barafu?"

"Wanafunzi," akasema. "Mwanafunzi wa bodi, wa kulala shuleni, anakula chochote ambacho si maharagwe."

Hapo alinishika. Nilisoma bodi.

Tena hakuwa anaota. Charity, mkewe, alikuwa anauza mtindi katika kituo chao cha biashara, na nyuma ya duka alikuwa amejenga chumba cha hiyo mashine. Kina vigae mpaka kiunoni na tundu sakafuni la kutolea maji. Picha ya hilo tundu tuliiona wote. Sijawahi kuona mwanaume akimwonyesha mwenzake picha ya shimo la maji kwa fahari namna ile. Ukimwambia ni zuri, anaikuza picha ulione vizuri zaidi.

Mpango wake ulikuwa mmoja tu. Mashine itangulie, yeye afuate, asirudi tena Doha. Alitaka kuacha kulinda vya watu, akasimame nyuma ya kaunta yake mwenyewe, na Charity upande wa pili. Hiyo tu. Siku mashine ilipotoka bandarini Mombasa, ndiyo siku aliyoandika barua ya kuacha kazi.

Hapo ndipo inabidi nimtaje dada Kawira. Kawira ni Mmeru, anafanya kazi kwenye ofisi ya mizigo yenye yadi yake Umm Salal, na Wakenya wengi hapa hutuma mizigo yao kupitia kwake. Watu hujaza kontena moja kwa pamoja, na karibu kila kitu huandikwa maneno yaleyale: vyombo vya nyumbani vilivyotumika. Kuna jamaa alituma viti vinne vya kinyozi vikaandikwa vyombo vya nyumbani, kana kwamba familia yake ina nywele zisizoisha. Vikapita.

Siku ya kupeleka mashine nilimsindikiza Mutai. Kawira alikuwa ameshika kalamu.

"Niandike vya nyumbani, si ndiyo?"

"Hapana. Andika mashine ya aiskrimu, ya biashara."

Kawira akanitazama mimi, kama daktari anavyomtazama aliyemleta mgonjwa.

"Mzee, ukiandika biashara utalipa ushuru wote. Utakaguliwa. Watataka cheti cha viwango."

"Nitalipa. Nitakaguliwa. Watanipa."

"Na usumbufu?"

"Kitu kikiandikwa vizuri langoni," Mutai akasema, "ndani hakisumbuliwi. Mimi hiyo ndiyo kazi yangu, dada. Kinachosumbua ni kile kilichopitishwa kwa ujanja. Siku moja mtu atauliza."

Ndivyo walinzi tulivyo. Ukishasimama langoni miaka mingi unaanza kuamini dunia nzima ina lango moja, na kwamba mwenye lango ndiye mwenye neno la mwisho.

Ikaandikwa ilivyo. Akalipa ushuru mpaka nikamwonea huruma. Mashine ikafika Mombasa, ikakaguliwa, ikabandikwa stika ya viwango, ikaruhusiwa. Picha ya stika ikaja kwenye simu na kuondoa ile ya tundu kwenye nafasi ya kwanza. Tukampongeza. Akaandika barua ya kuacha kazi, akapewa tarehe, na Ijumaa ile akaanza kugawa.

Simu ya Charity ilitukuta tunakula, na sufuria yangu mpya ikiwa katikati. Charity ni Mluhya, aliolewa huko majani chai, kwa hiyo yeye na mumewe huongea Kiswahili, na Mutai ana tabia ya kuweka simu sauti ya juu kama anayetangaza matokeo ya uchaguzi.

"Baba Chero, lori limezuiwa."

"Wapi?"

"Hapa kwa kizuizi cha kaunti, kabla ya daraja. Kijana amesoma karatasi akaona imeandikwa mashine ya biashara. Anataka leseni ya kaunti."

"Mwonyeshe karatasi za bandari."

"Nimemwonyesha."

"Mwonyeshe stika."

"Ameiona, Baba Chero. Hata ameisifu. Anasema hiyo ni ya nchi. Yeye anataka ya kaunti."

Mimi nikacheka. Nilidhani Philip naye atacheka, lakini Philip alikuwa anamtazama Mutai, na Mutai alikuwa ameshika tonge mkononi bila kulipeleka popote.

"Mwambie imeshaingia nchini," akasema polepole. "Huwezi kuingiza kitu mara mbili."

Tukasikia Charity akimwambia mtu fulani maneno hayohayo, kisha sauti ya kijana, yenye heshima zake, ikijibu kutoka mbali. Charity akarudi.

"Anasema ni kweli imeingia nchini. Haijaingia kaunti."

Lori lilipelekwa yadi ya kaunti, mashine ikashushwa, na dereva akaenda zake na mizigo ya watu wengine. Vile viti vya kinyozi, kumbuka, miezi michache nyuma vilipita kizuizi cha aina ileile kule kwa yule jamaa bila kuulizwa hata jina.

Kuanzia hapo Charity akawa mtu wa kutembelea ofisi. Ofisi ya biashara ya kaunti walimpokea vizuri, wakampa kiti. Wakamweleza kwamba bunge la kaunti limepitisha sheria ya maziwa. Mtu yeyote anayetaka kutengeneza kitu cha maziwa cha kuuza ndani ya kaunti, kiwe mtindi, siagi au aiskrimu, atakitengeneza kupitia kiwanda cha ushirika, ili mkulima asinyonywe. Mtindi wake wa zamani walikuwa wameufumbia macho kwa sababu ni wa ndoo. Mashine ni kitu kingine.

"Sawa," Charity akawaambia, "basi nipeni nafasi kwenye hicho kiwanda."

Kiwanda kilikuwa hakijaisha.

Akapanda gari mpaka mji mkubwa, kwenye ofisi ya serikali kuu. Huko nako hawakumkatalia kitu. Walifungua kompyuta wakaiona mashine, wakamwambia haina doa, imeingia kihalali, na kama wote wangeingiza vitu namna hiyo nchi ingekuwa mbali. Akauliza, basi mbona siwezi kuitumia? Wakamwambia kuingiza ni jambo lao, na kuuza pale kituoni ni jambo la kaunti. Hawawezi kuiamrisha kaunti. Akitaka, aende mahakamani, kuna kesi kama hiyo imeshafunguliwa na watu wengine, inasubiri.

"Inasubiri nini?" Mutai akamuuliza.

"Hawakusema."

Kawira alikuja kutuona Ijumaa iliyofuata na chupa ya chai ya karaki. Alikaa kwenye kitanda ambacho sasa tulikiita cha Philip, ingawa Mutai alikuwa bado analala hapo mpaka siku yake ifike.

"Katiba ndiyo imegawa hivyo," akasema. "Mlango wa nchi ni wa Nairobi. Mlango wa duka ni wa kaunti. Kila mmoja ana funguo zake na hakuna aliyekosea."

"Kama hakuna aliyekosea," Mutai akasema, "mashine yangu inafanya nini kwenye yadi?"

"Ndiyo shida yenyewe, mzee. Angekuwepo aliyekosea ungemshtaki ukapumzika."

"Hotelini nikishapiga muhuri, mpishi haulizi."

"Hoteli ina mwenyewe mmoja," Kawira akasema. "Nchi yetu ina wenyewe arobaini na wanane: kaunti zote na serikali kuu juu yake."

Hiyo ilikuwa nzuri na niliionea wivu, ilistahili kutoka kwangu. Nikaongeza yangu, kwamba tumwandikie gavana tumwahidi koni ya bure kila Jumapili. Mutai akanigeukia bila hasira.

"Cyrus, wewe ukiacha kuongea huwa unasikia nini?"

Nikanywa chai.

Kawira hakusema kuhusu ile kalamu yake na yale maneno, vya nyumbani, ambayo angeyaandika. Nilimwona akitaka kusema. Badala yake akaleta wazo. Ng'ambo ya ule mto, baada ya daraja, ni kaunti nyingine, na huko hakuna sheria ya maziwa. Mashine ikitolewa yadi iende kule moja kwa moja. Ni mwendo wa kutembea kwa miguu kutoka dukani kwa Charity.

Mutai aliruka kama kijana. Akapiga simu hapohapo.

"Mama Chero, kuna njia. Tukodi chumba ng'ambo."

Nyuma ya Charity tulisikia kuku na mtoto anayekariri kitu.

"Na maziwa?"

"Utavuka nayo."

"Nikivuka nayo nalipa ushuru wa kaunti darajani, wa kutoka. Nikirudi na aiskrimu nalipa wa kuingia. Halafu aiskrimu yenyewe ikifika huku ni ya maziwa, na mashule yako huku. Si ni ileile tu?"

"Uuze hukohuko."

"Kwa nani, Baba Chero? Ng'ambo sijui mtu. Chumba chenye vigae kiko huku. Shamba liko huku, ng'ombe wako huku, mama yako yuko huku na dawa zake. Unataka nihamie ng'ambo nikaishi na mashine?"

"Hapana," akasema.

"Sikatai kwa ubaya."

"Najua."

Sikumbuki nani aliosha vikombe siku hiyo. Kawaida tunagombana.

Tarehe ya Mutai ilikuwa inakaribia na tikiti ya kampuni ilikuwa imeshatoka. Tulimwambia aende tu. Philip alimwambia kwa upole, mimi nikamwambia kwa utani, kwamba mtu akienda kwake haulizwi amebeba nini. Akatusikiliza mpaka mwisho.

"Nikifika nifanye kazi gani?"

"Utapata."

"Nitapata nini, Cyrus? Ninachojua ni kulinda. Nitalinda duka la mtu pale kituoni, usiku, na rungu, nikitazamana na chumba changu chenye vigae. Na ada ya Chero nitailipa kwa rungu?" Akakunja shati lake la sare vizuri, kola juu ya kola. "Afadhali nikalindie pale wanapolipa."

Kesho yake akaenda kwa mudir wetu, msimamizi wa walinzi, kuomba arudishiwe barua yake ya kuacha kazi. Nilikuwa mlangoni nikawaona kupitia kioo. Mudir si mtu mbaya. Alimkaribisha, akamwagizia maji, akafungua kompyuta, na nikaona anatikisa kichwa namna ile ya mtu anayeona kitu wazi kabisa ambacho hawezi kukusaidia nacho. Mlango wa mizigo ulikuwa umeshapata mtu. Barua ilikuwa imeshafika ofisi ya juu, khalas, imekwisha. Kilichokuwepo ni lango moja huko Umm Salal, ghala la mboga, ulinzi wa nje, juani, malazi hukohuko kwenye kambi. Mkataba mpya wa miaka miwili, na likizo isianze mpaka uishe. Mutai akauliza kama anaweza kufikiria. Mudir akasema anaweza, mpaka jioni.

Aliporudi chumbani hakuna aliyemuuliza, kwa sababu alitoa koti lake la kusafiria ndani ya sanduku akalitundika.

Sasa ilibidi tushughulike na ile mirathi. Desturi yetu inajua mtu anayeondoka. Inajua hata mtu aliyefariki, Mungu atuepushe. Haijui mtu aliyegawa kisha akabaki. Philip alikunja blanketi la manyoya akaliweka pale kitandani kwa Mutai, akajifanya anatafuta soksi. Mutai akalichukua, akalirudisha juu kwa Philip.

"Nimeshatoa."

"Mzee, huko kambini eisii ni kali."

"Nimeshatoa, Philip."

Nami nikaleta sufuria. Nilikuwa nimeisugua. Nikasema kwamba inamlilia mwenyewe, tangu ihamie kwangu ugali unakataa kuiva. Akaigonga chini kwa kidole kama anayekagua tanki la gesi.

"Kaa nayo. Huko wanatupikia."

Jioni alishuka duka la chini akanunua blanketi jipya, yale mepesi ya waridi ambayo ukiyainua unaona taa upande wa pili. Siku nyingine ningekuwa na maneno ya kumwambia mwanaume mzima mwenye blanketi la waridi. Niliyapanga kichwani, yakawa mazuri kabisa, nikayaacha.

Asubuhi ya kuhamia Umm Salal nilimsaidia kubeba sanduku mpaka barabarani, pale basi la kampuni hupitia. Jua lilikuwa limeshaanza kazi. Wenye maduka walikuwa wanamwaga maji mbele ya milango, na yanakauka kabla hawajarudisha ndoo. Simu ikalia. Hakuiweka sauti ya juu, ila tulikuwa tumesimama karibu, na Charity ana sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe.

"Baba Chero, umeshaondoka hapo?"

"Nangoja basi."

"Mtu wa ushirika amekuja. Anasema yadi ya kaunti haiwezi kuendelea kuiweka, itapigwa mnada. Ila tukiwapa wao ushirika, wataihifadhi kiwandani. Nitaandikwa mwanachama. Siku wakifungua, mimi ndiye nitaiendesha."

"Itakuwa ya nani?"

"Ya ushirika. Anataka sahihi leo, ana pikipiki inamngoja nje."

Mutai akatazama barabara upande ambao basi hutokea. Hapakuwa na kitu, ila lori la maji.

"Wewe unaonaje?" akamuuliza mkewe.

"Mimi naona mnada ni mbaya zaidi. Lakini wewe ndiye uliyekaa huko kwa ajili yake. Siweki sahihi mpaka uniambie mwenyewe."

Nilitamani aseme hapana, akatae tu, hata kama ni bure, hata kama mnada ni kesho. Nilitamani agome. Basi likatokea kwenye kona na dereva, jamaa wa Nepali ambaye hasubiri mtu, akapiga honi kutoka mbali.

"Weka sahihi," Mutai akasema.

"Una hakika?"

"Weka, Mama Chero." Akainua sanduku kwa mkono mwingine. "Hicho kiwanda, wameshaezeka paa?"

"Bado. Ni kuta tu."

Basi likasimama. Mlango ukafunguka na baridi ya ndani ikatupiga miguuni. Aliweka mguu wa kwanza kwenye ngazi, akabaki hapo, dereva akimtazama.

"Basi waambie waifunike," akasema, na akapanda.